Siku Mteremko Ulipopata Muhuri

Nilijifunza karate kwa siri, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hata chaki hajazoea kuishika, katika ukumbi mdogo uliokuwa nyuma ya gereji moja mjini Moshi. Kila Jumamosi nilishuka kutoka kwetu Kibosho na nguo nyeupe ndani ya mfuko wa nailoni, na mama nilimwambia nakwenda kutafuta chaki. Mama hakuuliza ni shule gani hiyo inayokula chaki nyingi hivyo, wala kwa nini chaki zilinirudisha nyumbani nikichechemea.

Mwalimu wetu wa karate alikuwa fundi cherehani. Siku za kazi alishona suruali kwenye baraza ya duka la vitambaa, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akiwasikiliza wateja kwa upole. Jumamosi alifunga mkanda mweusi, mabega yakapanda, sauti ikashuka, akatuhesabia mateke kwa Kijapani. Mpaka leo naweza kuhesabu mpaka kumi kwa lugha hiyo, ila maji ya kunywa siwezi kuomba. Nilikuwa mwanamke peke yangu darasani. Baada ya miaka mitatu nilipata mkanda wa kahawia, na jioni ile nilipanda kwenda nyumbani kwa miguu, njia nzima naimba.

Halafu biashara huria ikafika mpaka nyuma ya gereji. Mwenye ukumbi alipata mpangaji wa mitumba, na Jumamosi moja tulikuta marobota yamepangwa mpaka darini, hakuna hata pa kukunjia goti. Mwalimu alisimama mlangoni akayatazama, akasema, "Tutaitana." Hatukuitana.

Nikabaki na mkanda wa kahawia na kihamba cha mama. Kihamba ni shamba la nyumbani, migomba juu na kahawa chini yake, na chetu kilishuka kutoka mlangoni mpaka mtoni kama paa la nyumba. Mama alikuwa akisema kijiji chetu kina sehemu mbili tu za tambarare: sakafu ya kanisa na meza ya padri. Nilichagua kona nyuma ya banda la ng'ombe, nikavaa nguo zangu nyeupe, nikasimama kama nilivyofundishwa, miguu imeachana, uzito katikati. Ilikuwa masika. Teke la kwanza lilinipeleka kwenye mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu. Nikatoka, nikajipanga upya. Teke la pili likanipeleka kwenye mfongo uleule.

Nilikuwa nakamua maji kwenye mkanda nilipomwona mama anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa pekupeku. Njia iliyonimwaga mara mbili yeye aliipita huku anatafuna muwa, macho yako juu kwenye migomba akitafuta mkungu uliokomaa. Akafika karibu, akanitazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu.

"Hizo ndizo chaki?" akauliza.

Nilikiri yote palepale, ukumbi, gereji, Kijapani. Mama alisikiliza bila kutua mzigo.

"Na hiyo karate inafundisha kuanguka?"

"Inafundisha mtu asiangushwe, mama."

"Basi niangushe mimi."

Nilikataa. Mtoto hamsukumi mama yake, tena mwenye mzigo kichwani. Akasema aliyeomba ni yeye, na nisimcheleweshe, ng'ombe ana njaa. Nikamsukuma begani kwa adabu. Hakutikisika. Nikamsukuma kwa nguvu. Alichofanya sikukiona vizuri. Niliona goti lake la upande wa juu linakunjika kidogo na kiuno kinazunguka kama mlango, bega nililolilenga likawa halipo, na mimi nikaenda kukaa kwenye mfongo kwa mara ya tatu. Katika mzigo wake halikudondoka hata jani moja.

Nilikaa mle majini nikacheka mpaka pumzi zikaniishia. Miaka mitatu nilikuwa nashuka mjini kumfuata mtu wa kunifundisha kusimama, na nyumbani namwacha mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameanguka.

Mtu wa kwanza kumweleza alikuwa binamu yangu, mpagazi wa mlimani, kijana mrefu aliyezoea kubeba mizigo ya wageni mpaka kwenye baridi ya juu na kurudi. Hakuniamini. Alikuja kumsalimia mama, akasema, "Shikamoo shangazi, nimesikia husukumiki," na dakika moja baadaye alikuwa ameketi palepale nilipoketi mimi, maji yanampita kiunoni. Alipopata sauti alisema, "Dada, hii kitu tuiandike."

Tukaiandika. Nilikuwa na daftari la mazoezi la shule, na kwa miezi mingi sisi wawili tulimfuata mama kama wapelelezi. Alipopanda, tulipanda. Aliposhuka na ndizi, tulichora miguu yake. Ikawa dhahiri kwamba hasimami katikati kama tulivyofundishwa kule mjini. Mguu wa juu unakunjwa, wa chini unanyooka, macho hayashuki kamwe, na nguvu ya mtu anayekuja huizuii, unaipisha ipite ishuke zake. Binamu yangu akaongeza mambo ya mlimani, namna wapagazi wanavyoteremka kwenye changarawe kwa kuteleza makusudi, kisigino kikitangulia. Tukaanza kuzipa hatua majina. Ile ya kiuno tukaiita Mlango. Ile ya kumshika mtu mkono na kumteremsha taratibu tukaiita Kushusha Mkungu. Kulikuwa na Kuvuka Mfongo na kulikuwa na Changarawe. Mtindo wenyewe tukauita Mteremko, kwa sababu hatukuwa na jina lingine na tulikuwa tumelala chali tunacheka.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Niliamka asubuhi nikiwa na hatua mpya kichwani, nikaijaribu nikiwa napiga mswaki. Darasani niligeuka ubaoni kwa kiuno, wanafunzi wakaniangalia. Nilimfundisha jirani yetu, mama wa kwaya, akaja na wenzake watatu, nao wakaleta wengine. Wapagazi walikuja wakiwa hawana safari. Tulikutana Jumapili baada ya misa, tukafunga viuno kwa vipande vya vitenge, tukasukumana mpaka jua liinamie magharibi. Padri wetu alikuja mara moja kuona. Akaniita pembeni akauliza kama ndani yake kuna kiapo au mambo ya mizimu.

"Hakuna, baba," nikamwambia. "Kuna tope tu."

Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo ya kanisani, aliwakumbusha waumini wanaobaki kwa mazoezi wasije na nguo zao nzuri.

Mambo yalikwama tulipotaka kutoka kijijini. Wawili kati ya wapagazi wetu walikuwa wenyeji wa mji mdogo wa Kwa Sadala, wakataka kufundisha huko. Kiongozi wa mtaa aliwauliza mtindo wao unatambuliwa na nani. Walijibu, "Na mama wa mwalimu wetu." Akawaambia warudi na barua.

Nikaenda mjini kwa afisa michezo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye meza iliyojaa mafaili. Alifungua fomu, akashika kalamu.

"Mchezo umetoka nchi gani?"

"Umetoka Kibosho."

"Nauliza asili yake. Japani, China, Korea?"

"Kibosho, afisa. Juu kidogo ya kanisa."

Akaweka kalamu chini. Alinieleza bila dharau kwamba yeye mambo ya mapigano hayajui, na hawezi kupiga muhuri kitu ambacho walimu wenye mikanda hawajakiona. Nilete walimu wawili wanaotambulika, watazame, waandike. Wakikubali, na yeye atakubali.

Nilijua wa kwanza. Nilimkuta kwenye baraza ileile, mguu juu ya cherehani. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akafurahi kuniona, na nilipomweleza nilichokuja nacho furaha ikapungua. Alikata uzi kwa meno.

"Binti, mtindo una mwalimu, na mwalimu ana mwalimu wake, unarudi nyuma hivyo hivyo. Wa kwako una nani?"

"Una mama, Mwalimu. Naye alikuwa na mama yake, na njia ni ileile."

Alimaliza mshono aliokuwa nao. Mwishoni akasema atakuja na mwenzake wa Himo, mkanda mweusi kama yeye, mtu asiyecheka hovyo, na kwamba tuoneshe mbele yao Jumamosi katika ukumbi wa shule moja mjini.

Tukaenda tukiwa sita, vitenge vimepigwa pasi. Ukumbi ulikuwa wa saruji, umesuguliwa ukang'aa, sawasawa kama meza. Nadhani nilijua tangu nilipokanyaga. Mguu wa juu ulikunjika, wa chini ukanyooka, ila hapakuwa na juu wala chini, na sote sita tukaonekana kama watu wenye mguu mmoja mfupi wanaotafuta sindano sakafuni. Binamu yangu alifanya Changarawe, akateleza kwa kisigino mpaka kwenye viti vya mbele, akasimama mbele ya mzee wa Himo, uso kwa uso. Hakuna aliyemsukuma. Aliinamisha kichwa, akarudi kinyumenyume. Mama wa kwaya alianza kucheka puani, mimi nikamfuata, na ndani ya dakika moja waoneshaji wote tulikuwa tumekaa chini hoi, machozi yanatutoka, mbele ya majaji wetu.

Mzee wa Himo alisubiri tumalize. "Nimeona," akasema, akachukua kofia yake.

Nilimkimbilia mlangoni. Leo sijui nilipata wapi ujasiri ule. "Shikamoo tena, mzee. Hapa si mahali pake. Njooni nyumbani. Mkiona kule mkakataa, sitawasumbua tena."

Alimtazama mwalimu wangu. Mwalimu wangu alitazama viatu. "Alikuwa mwanafunzi wangu mzuri," akasema polepole. "Naomba twende."

Walikuja Jumamosi iliyofuata kwa pikapu ya rafiki wa afisa michezo, na afisa mwenyewe akiwa mbele na faili lake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, ikaacha. Mama aliwapokea uani, akawapa mtori wa ndizi na nyama, akawakaribisha tena, akawapa mwingine. Kisha walimu wawili wakavaa nguo zao nyeupe nyumbani kwetu, nyeupe kabisa, mwalimu wangu alikuwa amezishona mwenyewe, wakatoka nje kwenye udongo wetu mwekundu. Nilitaka kuwaonya kuhusu nguo. Sikujua nianzeje.

Mwalimu wangu alisimama mbele yangu kwenye mteremko, akainama, nami nikainama. Akaja na ngumi iliyokuwa ikinitisha miaka yote mitatu. Nikafungua Mlango. Alipita karibu nami kama mtu anayewahi gari, akaenda kulala chini ya mgomba. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga juu ya ukingo, na kwa heshima hakuna aliyecheka. Akainuka, akaja tena, nikamshusha kama mkungu, polepole, mpaka akakaa. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe kabla sijamgusa. Alipotua kwenye mfongo niliona mabega yake yanatikisika, nikaogopa nimemwumiza. Alikuwa anacheka. Yule mtu aliyetuhesabia kwa sauti ya kaburini alikuwa ameketi majini, mkanda mweusi unaelea, anacheka kwa sauti nyembamba kama ya msichana, na hapo ukingo mzima ukaachia kicheko.

Mzee wa Himo hakucheka. Alisubiri kelele zishuke.

"Hili ni tope," akasema. "Mtu yeyote huanguka kwenye tope. Nyinyi mmezaliwa hapa, mmezoea. Mazoea si mtindo."

Hoja yake ilikuwa nzuri, tena niliwahi kujiuliza hilohilo mwenyewe.

"Mtindo hufundishika," akaendelea. "Akija mgeni, ukamfundisha, akaweza, hapo una kitu."

Mwalimu wangu alitoka kwenye mfongo, maji yanamchuruzika. "Mimi ni mgeni," akasema. "Nifundishwe mimi."

Mzee wa Himo alitazama saa yake akatupa saa moja. Nilimpeleka mwalimu wangu nyuma ya banda la ng'ombe, ingawa sikuwahi kumrekebisha mtu huyu hata namna ya kushika kikombe. Nilimwambia akunje mguu wa juu, akakunja wa chini, miaka ishirini ya mazoea ikimvuta kule. Tulirudia mpaka nikakata tamaa. Mama, aliyekuwa anakata majani pale karibu, alituvumilia kiasi, kisha akaja, akachukua mzigo wake akautwika juu ya kichwa cha mwalimu wangu.

"Baba, tembea," akamwambia. "Usitazame miguu. Tafuta mkungu uliokomaa."

Akatembea. Mwanzoni kama mtu anayevuka daraja bovu. Alishuka akapanda, akashuka akapanda, na safari ya nne niliona goti la juu linakunjika lenyewe. Safari ya sita alisema, "Kuna mmoja pale, ule wa kwenye jiwe," akiwa na maana ya mkungu, na kweli ulikuwa umekomaa.

Saa ilipokwisha tulirudi mbele. Mzee wa Himo alisimama upande wa juu, akamsukuma mwenzake kifuani kwa viganja viwili. Mwalimu wangu alizunguka. Haukuwa Mlango mzuri, kiuno kilichelewa na mkono ulining'inia hovyo, lakini alibaki amesimama. Mzee akasukuma tena, sasa kwa bega na kwa uzito wake wote, na safari hii Mlango ulifunguka vizuri. Nguo nyeupe za mwisho zilizokuwa zimebaki siku ile zikapita mbele yetu, zikapita migomba miwili, zikaishia kwenye mfongo.

Mzee alijiinua taratibu, akachukua kofia yake mikononi mwa afisa, akaikung'uta ingawa haikuwa na kitu.

"Nani kamfundisha huyu?" akauliza.

"Mama," nikasema.

Alimgeukia mama akaunganisha viganja, akainama kwa ile heshima inayotolewa kwa mwalimu mkuu, muda mrefu, matone yanadondoka kutoka kwenye nyusi. Mama hakujua mambo hayo. Alimshika mkono akamwinua. "Ingia ndani baba ukaote moto," akamwambia, "utashikwa na kichomi."

Barua ya ushuhuda waliiandika walimu wale wawili, na afisa michezo alichukua wiki chache kutafuta pa kutuweka. Nilipoitwa, nilikwenda na binamu yangu na mama wa kwaya. Afisa alitueleza, kwa haya kidogo, kwamba kwenye fomu yake mapigano yote yana nchi zake, na nafasi pekee aliyoipata ni chini ya ngoma na michezo ya asili. Je, tuna pingamizi? Hatukuwa na pingamizi. Angetuweka chini ya mbuzi na kuku tungekubali. Akapuliza muhuri, akaugandamiza kwa mikono miwili juu ya barua yetu ya kutambuliwa, akaugeuza kidogo ili wino ushike vizuri, na mimi nikasikia kizunguzungu kama mtu aliyesimama ghafla.

Tulipotoka nje, binamu yangu, aliyefika kileleni mara nyingi kuliko anavyokumbuka, alilazimika kukaa kwenye ngazi za ofisi. Aliniomba barua aisome. Akaisoma akanirudishia, akaiomba tena.

Wiki iliyofuata Kwa Sadala walianza darasa, na baadaye Himo, ambako mzee aliwaleta wanafunzi wake wote kwenye kilima kimoja akawaambia wavue viatu. Mwalimu wangu alirudi kwetu Jumamosi nyingi. Alisema anakuja kwa ajili ya Kuvuka Mfongo, iliyomshinda, ingawa mtori wa mama hakuwahi kuukataa.

Lakini siku ile ya barua tulifika kijijini saa kumi, na kina mama wa kwaya walikuwa wanatungoja barabarani. Hawakutaka kusomewa. Walitaka waishike wenyewe. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akigusa ule mduara wa zambarau, mpaka ikamfikia mwenye sauti ya kwanza, mwanamke mnene mwenye mapafu ya kengele. Aliitazama, akakohoa, akaanza kuiimba. Aliimba kumbukumbu namba kwa noti ya juu. Wenzake wakaingia kwenye "Yahusu: Kutambuliwa kwa Kikundi," sauti ya pili ikarudia "kwa kikundi, kwa kikundi," na binamu yangu na wapagazi wenzake wakashika besi. Tulipanda njia yote hivyo, tukiimba aya ya kwanza, aya ya pili, "Wako katika ujenzi wa taifa," jina, cheo, sahihi. Watu walitoka vihambani na majembe kusikiliza ni zaburi gani hii mpya. Tulipofika uani kwa mama ilibaki mistari miwili tu chini ya ukurasa, na yule mama wa sauti ya kwanza hakuiacha. "Nakala," akaimba, amefumba macho, mkono mmoja hewani, na kwaya nzima ikamjibu kwa sauti zote nne, ndefu, tamu, mpaka pumzi ya mwisho: "Faili."